Mkia wa Cheni ya Zamani

Yule bwana wa halmashauri ya mji alisimama nje ya uzio wangu, akasema pikipiki isiyotembea ni takataka, na takataka haikai mbele ya nyumba. Jumatatu angerudi na lori la kuvuta. Nikamwambia mabosi walipofunga kiwanda cha nguo walituachia takataka ya ghorofa nne katikati ya mji, mbona hiyo hawaivuti. Akatazama saa yake tu.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, ya mwaka ule mimi na Nadine tulipooana. Alikaa nyuma yangu maisha yetu yote, mpaka wakubwa wa hospitali walipomrudisha nyumbani na vidonge vya kiungulia. Walipokuja kujua ni kansa, kansa ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Hakuna mkubwa aliyeulizwa.

Iliyoharibika ilikuwa cheni ya ndani ya injini, ile inayofungua na kufunga valvu. Ilikuwa imelika na kulegea hadi ikawa inapiga kuta. Jirani alisema ilikuwa inalia kama kopo la misumari. Mimi sikusikia kitu. Sisi tuliofanya kazi chumba cha kufumia cha kiwanda kile, mitambo ilikula masikio yetu, na kampuni haikutupa hata pamba. Nadine ndiye aliyekuwa akigundua mambo hayo. Alikuwa akinyoosha mkono kutoka nyuma, akiweka kiganja kwenye tangi, kisha akinigonga bega: "Hoyt, humu kuna kitu kinacheza." Tangu afe, bega langu halijagongwa.

Cheni mpya nilikuwa nayo. Lakini ile ya zamani haina kiungo cha kufungulia, na kuitoa nzima maana yake ni kuipasua injini yote. Jumatatu ingenikuta na ndoo ya bolti. Duka la pikipiki la barabara kuu walikataa hata kuitazama.

Jumapili baada ya kanisa akaja Orlene, mdogo wake Nadine, na sandwichi za maini. Naye alifuma chumba kile kile, na huongea kama tulivyoongea mle: mdomo mpana, sauti hakuna. Nilikuwa nimeshatoa tangi na kifuniko cha juu, cheni iko wazi. Nikamweleza. Akachungulia, akanitazama kama anamtazama mjinga.

"Shemeji, mtande ukiisha tulikuwa tunabomoa mtambo?"

Mtande, zile nyuzi za urefu kwenye mtambo, ukiisha, tulikuwa tunafunga kila uzi mpya kwenye mkia wa uzi wa zamani, kisha tunavuta. Wa zamani unajua njia; unapita kila tundu, na mpya unaufuata nyuma.

"Ila hii haina mkia," nikasema.

"Ikate, itakuwa nao. Halafu kula kwanza."

Nikatoa plagi, nikalegeza valvu zote, nikaziba kila tundu kwa matambara ili chembe ya chuma isidondoke ndani. Nikakata pini moja ya cheni kwa grenda. Nikaunga cheni mpya kwenye mkia wa ile ya zamani. Orlene alishika pande zote mbili zikiwa zimekaza, kwa sababu ikiponyoka ikaanguka chini, kesho ni lori.

"Zungusha," akasema. "Na uache kuwatukana hao mabosi, utanivuruga akili."

Nikazungusha kwa spana, taratibu. Upande mmoja cheni ya zamani ikapanda kutoka gizani, nyeusi, inadondosha oili. Upande wa pili mpya ikazama. Mahali fulani spana ilikataa. Kabla sijaisikia mkononi, Orlene alishainua kidevu: rudi nyuma kidogo. Nikarudi. Ikapita.

Kisha ncha ya cheni mpya ikachomoza upande wa pili, inang'aa. Ilikuwa imepita chini kabisa, ikazunguka meno ambayo hayajaonwa na jicho la mtu tangu walioyatengeneza walipoifunga ile injini, na ikarudi kwetu bila kuona njia. Nilivua kofia. Kanisani siendi, lakini nilivua.

Orlene aliendelea kushika.

Nikaunga ncha, nikagonga pini, nikalinganisha alama za meno, nikarudisha valvu mahali pake na kuzungusha kwa mkono. Hakuna kilichogusana. Giza likatukuta tunafunga bolti.

Jumatatu nilipoiwasha, Orlene kando yangu, ilikohoa, ikatema moshi, ikatulia. Nikasubiri. Mimi sisikii, na yeye hasikii. Orlene akaweka kiganja kwenye tangi, akafumba macho, akakaa hivyo hadi nikaogopa. Mwishowe akanigonga bega.

"Humu hakuna kinachocheza."

Lori lilikuwa limeshasimama barabarani. Yule bwana alifungua mdomo nje ya uzio, injini ikameza maneno yake. Midomo tunaisoma tangu ujana: alikuwa anasema sawa, nimeona, zima basi. Niliweka mkono sikioni kama mtu asiyeelewa. Mkono mwingine niliulaza kwenye tangi, kando ya wa Orlene.