Jibu Ukiwa Mlangoni

Sauti yangu ndiyo inayonilisha. Nazunguka mitaani na pikapu yenye spika juu, shemeji yangu akiendesha, natangaza misiba, mechi na magodoro ya bei poa. Shule niliiacha mapema, lakini nikishika maiki mtaa mzima unatoka nje. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ugonjwa ulipoingia, nesi wa zahanati alinipa tangazo: watu wasikusanyike, wabaki majumbani, na mwenye homa na kikohozi apige simu zahanati. Nikalisoma kwa mbwembwe zangu zote. Tulipofika kwenye kona ya nyumba ya mama tukasimama kama kawaida, maana pale sauti inasambaa vizuri. Watu wakamiminika. Walijazana mpaka wakaegemea dirisha la mama, wakinisikiliza nikiwaambia wasijazane. Mmoja akakohoa. Mama, ambaye kifua kinamsumbua tangu mimi mdogo, akalibamiza dirisha.

Kesho yake nesi akanijia juu. Alisema nimewakusanya watu aliowataka watawanyike, na kama tangazo la jioni ile lingekuwa vilevile, nisiguse maiki tena. Nikamjibu kwamba tangazo lake ni refu kama treni, lazima mtu atoke nje aone linaishia wapi. Tukarushiana maneno kwenye benchi la zahanati mpaka shemeji akachoka, akasema twende tukamuulize mama, maana yeye ndiye tunayemlinda.

Mama alifungua dirisha, sisi tukabaki ng'ambo ya barabara. Nesi akapaza sauti kumsomea. Hakufika mbali.

"Mwanangu, hayo niliyasikia jana," mama alimkatiza. "Mbona mnaniambia tu? Na mimi nina mdomo."

Nesi akaitazama karatasi yake, akaikunja. "Haya, mama. Ukikohoa?"

"Nabaki ndani, napiga simu zahanati. Lete lingine."

Jirani wa upande wa pili akadakia kutoka mlangoni kwake kwamba mama anajibu kwa kujikongoja. Mama akamwambia kama anajua sana ajibu yeye. Akajibu kweli, tena kwa sauti, na mkewe akamsahihisha. Hakuna aliyekuwa amesogea hata hatua moja. Nesi akanigeukia, na mimi nilikuwa nimeshamgeukia yeye. Anayejibu toka mlangoni kwake hana haja ya kulifuata gari.

Tulilifumua tangazo juu ya boneti. Yeye alikata maneno, mimi nikatafuta pa kuvuta pumzi. Utani wangu aliufuta wote, akaniachia mmoja kwa huruma. Sheria ikawa hii: upande wa kulia wa barabara unashindana kujibu na wa kushoto, na atakayevuka kizingiti chake anaupotezea upande wake ushindi.

Jioni tukaingia mtaani. Mtaa wa kwanza walijibu kwa aibu. Wa pili walikuwa wameshasikia wenzao, wakatusubiri milangoni wakipasha koo. Shemeji akawa anapiga usukani kama ngoma. Tulipokata kona ya mama, nikainua maiki.

"Ukikohoa?"

"Nabaki ndani!" Mabati ya nyumba yalitetemeka.

"Mgeni akija?"

"Dirishani!"

Muuza nyama, kwa kunogewa, akatoa mguu nje. Mkewe akamvuta shati, lakini alichelewa.

"Nimeuona mguu huo," mama alisema dirishani. "Kushoto mmepoteza. Usijifiche nyuma ya mkeo, mzee mzima."

Mtaa ukaangua kicheko, kila mtu kwake. Kati ya pikapu na dirisha la mama palikuwa na barabara tupu, hakuna hata kuku. Nesi alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili, anacheka kimyakimya, machozi yanamtoka.

Upande wa kushoto wakaanza kubisha kwamba mguu mmoja si mtu.

"Wewe," mama akaniita, "rudi mwanzo. Hawa hawajakubali."

Shemeji alikuwa ameshaanza kurudisha gari nyuma.