Fomu ya Sufyan

Wapima ardhi walipofika Matsangoni, kigingi kimoja walikipigilia uani kwa Kahonzi, hatua tatu kutoka jikoni. Treni ya mwendokasi ikikubaliwa, walisema, itapita hapo. Kahonzi akauliza yeye atakwenda wapi. Wakamwambia amuulize mwenye hatimiliki.

Mwenyewe alikuwa Sufyan Muhdhar wa Malindi, ambaye hata njia ya kufika shambani hakuijua. Kahonzi aliolewa hapo, akazaa hapo, akafiwa na mume hapo. Kesho yake alikwenda Malindi kwa Radhia, dadake Sufyan, aliyekuwa akiletwa shamba utotoni msimu wa korosho na kubebwa na Kahonzi mgongoni.

"Umechelewa, mama Kahonzi," alisema Radhia, macho chini. "Sufyan keshajaza fomu ya fidia. Palipoulizwa nani anakaa, kaandika hakuna mtu."

"Na mimi ni nani, mwanangu?"

Kahonzi, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, aliteremka kitini akamshika miguu.

"Njoo Alhamisi kwenye baraza la fidia. Sema tu kwamba nipo. Sitaki jingine."

Radhia alimwinua huku akilia. "Inshallah," alisema.

Alhamisi ofisa alisoma orodha. Alipofika shamba la Muhdhar akasema, "Halina wakaaji."

"Mimi hapa!" Kahonzi alisimama. "Miaka arubaini na moja!"

"Una karatasi yoyote, mama?"

Hakuwa nayo. Akageuka kumtafuta Radhia, akamwona safu ya mbele kando ya nduguye. "Radhia, sema!"

Radhia aliinuka. Sufyan akamshika mkono, akamnong'oneza neno. Radhia akaketi, akajifunika uso kwa mtandio. Ofisa akasoma shamba lililofuata.

Juma lile lile ikaja barua ya wakili wa Sufyan: ahame ndani ya siku thelathini. Kahonzi aliezua mabati yake mwenyewe, akapanda nayo lori hadi Rabai, kwa kakake Gona.

Miezi ikapita. Siku moja, wakila chakula cha mchana, redio ikatangaza kwamba reli ile bado ni pendekezo tu, na huenda ikapitishwa kwingine. Mkono wa Kahonzi ukasita juu ya sima. Gona akanyoosha wake aizime.

"Usizime," alisema Kahonzi. "Wacha nisikie wanapitisha kwa nani."