Miamala Inayofanana

Mtunza bohari alikuwa mtu wa kujiamini, na sababu alikuwa nazo. Tangu ashike funguo za bohari ile haikupotea hata skrubu. Kwa hiyo alipoamua kuingiza taarifa ya akaunti ya mama yake kwenye programu ya hesabu, hakumuuliza mtu. Aliipakua kutoka benki, akaiingiza, mistari ikajipanga yenyewe kwenye kompyuta. Kisha programu ikamuuliza: kuna miamala inayofanana kwa tarehe na kiasi, ifute iliyojirudia?

"Futa tu, unangoja nini," akaiambia, akabonyeza. Uchafu hakuupenda, hata wa tarakimu.

Alipomaliza usafi wake, damu ikamchemka. Yeye na mdogo wake, fundi wa lifti, walikubaliana kila mmoja amtumie mama fedha kila mwezi. Hapa kila mwezi mchango ulikuwa mmoja. Wa kwake benki iliukata moja kwa moja, alikuwa na hakika nao. Basi uliokosekana ni wa nani?

Mtu mwingine angempigia mdogo wake simu. Yeye alimwendea mama. "Mwanao anatupiga changa la macho," akasema, na kwa kuwa hakuwahi kukosea, mama hakudai ushahidi.

Wiki iliyofuata fundi wa lifti akaja kwa mama, grisi kwenye kucha kama kawaida. Mama alimwitikia salamu bila kuinuka. Dada yake, mtunza bohari, akamgeuzia kompyuta.

"Haya, nionyeshe ya kwako iko wapi."

"Dada, mimi natuma kila mwezi."

"Programu haina undugu na mtu. Ungetuma, ingeonekana."

Fundi alimwomba mama afungue simu yake, aangalie salio la akaunti. Lilikuwa kubwa kuliko la kwenye kompyuta, tena kwa mbali.

"Benki wamekosea," akasema dada bila kupepesa macho.

"Wamekosea kwa kumwongezea mama? Benki gani hiyo, na mimi nihamie?"

Dada nusura acheke. Hapo hapo akakumbuka. Ni yeye aliyeamuru watume kiasi kilekile, siku ileile, asije mmoja akajigamba mbele ya mama. Benki ikaandika mistari miwili isiyo na jina wala tofauti. Programu iliuliza vizuri tu, na aliyejibu ni yeye.

Akafungua palipohifadhiwa vilivyofutwa, akavirudisha. Michango ya mdogo wake ikarejea mmoja mmoja chini ya ya kwake, hadi salio likalingana na la simu.

"Nimekusingizia," akasema, kwa sauti kubwa ileile aliyomshtakia. "Kosa ni langu, si la mashine. Nisamehe, mdogo wangu."

"Yameisha, Dada." Fundi alikuwa anacheka kweli, moyo mweupe. "Siku lifti ikikwama, nitakuita uifute."

Akamgeukia mama ili wacheke wote. Mama hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Mimi niliamini," mama akasema. "Wiki nzima hii ulipokuwa unanipigia, nilikuwa naiangalia tu inaita."

Fundi wa lifti akakaa chini taratibu.

"Mimi nilidhani ni mtandao, mama."