Kabureta ya Kushoto

Nimeolewa na Lugano miaka sita, na muda wote huo sijawahi kumtazama baba yake usoni. Msinishangae. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Akija yeye, mimi napitia migombani. Kiti chake sikalii, chombo chake sishiki, na yeye jina langu halitaji. Vijana wengi siku hizi wameachana na mambo hayo, wanapeana mikono na wakwe zao barabarani bila wasiwasi. Lakini Mzee Asukile ni mtu wa zamani. Kawa mwinjilisti ujana wake wote, Biblia anaijua mpaka kurasa za mwisho, ila mwiko wa mkwe hajauacha.

Ningevumilia bila neno, kama si ile pikipiki.

Ni pikipiki kongwe ya silinda mbili, mzee aliachiwa na daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Kila silinda ina kabureta yake. Na mimi nimekulia kwenye gereji ya baba yangu pale Kiwira, nimejua kushika bisibisi kabla sijajua kusonga ugali. Sasa fikiria: mashine kama ile iko uani kwetu hapa Suma, inakohoa, na mimi siruhusiwi kuigusa hata kwa kidole. Roho iliniuma, jamani.

Wiki ile ndiyo mambo yakawa makubwa. Jumapili lilikuwa linafunguliwa kanisa jipya la Masukulu, na usharika ule aliuanzisha mzee mwenyewe, akienda na kurudi kwa pikipiki hiyo kwenye tope na mvua. Lugano akamwambia, "Baba, tutakukodia gari la Noah, uende umekaa vizuri."

"Sitaki Noah," mzee akasema. "Watu wa Masukulu walinijua kwa mlio kabla hawajaniona sura. Nitakwenda nayo, au nitabaki hapa hapa nyumbani."

Nilimsikia nikiwa jikoni. Nikajua hatanii. Mtu mzima yule angekosa siku yake kwa sababu ya kabureta, na fundi yupo hapa hapa anamenya ndizi!

Jumamosi asubuhi Lugano akaanza ufundi. Mume wangu ni mtu mwema, kwenye kiwanda chao cha chai wanampenda, lakini kwenye injini ni sifuri. Basi tukajipanga: yeye na baba yake uani, mimi nyuma ya ukuta wa jiko natoa maelekezo.

"Mwambie mkeo," mzee akasema, "inawaka vizuri, lakini ikishapata moto inabaki na silinda moja."

Lugano akazunguka jiko. "Baba anasema inawaka vizuri, ila iki..."

"Nimesikia, Lugano, mimi si kiziwi. Fungua plagi zote mbili uniambie rangi."

Ya kulia ilikuwa ya kahawia, safi kabisa. Ya kushoto nyeupe, kavu. Maana yake upande wa kushoto mafuta hayatoshi. Nikamwambia afungue kabureta ya kushoto, atoe jeti, kile kitundu kinachopitisha mafuta, aipulize. "Na usiichokonoe kwa waya, utaitanua!" Akaniletea ile jeti kwenye kiganja chake. Nikaichungulia bila kuigusa, yeye akiielekeza juu kwenye mwanga. Tundu lilikuwa wazi. Akairudisha, akawasha, ikaenda vizuri kidogo, kisha kushoto kukafa tena.

"Na mafuta ndiyo yanaisha," Lugano akasema. Akachukua dumu, akapanda bodaboda kwenda Tukuyu.

Nikabaki jikoni, mzee akabaki uani. Mara nikasikia kiki. Kwa magoti yale! Ikapigwa tena, na tena, ikawaka. Ikanguruma vizuri mpaka ikapata moto, halafu kushoto kukaanza kukohoa, injini ikawa inazama. Nikamsikia mzee akiisemesha, taratibu: "Usife. Nivumilie kesho tu. Kesho tu."

Mimi subira sina. Mdomo ukanitangulia, nikamwita baba kwa Kinyakyusa.

"Tata, usizime! Vuta choki ya kushoto!"

Mungu wangu. Nikajiziba mdomo. Mkwe anamfokea mkwe wake, majirani wote wanasikia! Nilitamani nijifiche kwenye gunia la mkaa.

Lakini injini ikabadilika. Choki ilikuwa imevutwa, na silinda zote mbili zikashika. Hapo aibu ikanitoka, nikabaki fundi. Choki hubana hewa; kama inaiponya, na jeti ni safi, basi mafuta yanafika. Kinachozidi ni hewa.

"Hewa inaingia! Ule mpira unaounganisha kabureta na injini, umwagie maji!"

Nikasikia kikombe kikigonga ndoo. Maji yakamwagwa, mlio ukashtuka, maana maji yaliziba ufa, kisha akazima.

"Ufa utakuwa kwa chini?" akauliza.

Lugano hakuwepo. Hakukuwa na "mwambie mkeo". Swali lilikuwa langu.

"Kwa chini, tata," nikajibu. "Ukipoa unajifunga, ukipata moto unafunuka."

"Nimeuona ufa. Nifunge na nini?"

"Kata tyubu kuukuu ya baiskeli, zungusha ukiivuta sana, halafu ukaze kwa waya."

Akafanya. Akawasha tena, ikapata moto, na kushoto hakukufa. Ila kabureta mbili hazikuwa sawa, moja inavuta kuliko mwenzake. Mzee akasema masikio yake yameshachoka, hasikii tofauti. Nikamwambia aweke viganja nyuma ya ekzosi, kila kimoja na yake, aniambie upande upi unapumua kwa nguvu.

"Kulia!"

"Punguza skrubu ya kulia kidogo!"

"Sasa?"

"Bado, tata, kidogo tena... Hapo hapo! Usiguse!"

Ikatulia, sauti moja nzito. Mzee akacheka. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akicheka.

Lugano akatukuta hivyo, baba yake na mkewe wanapigiana kelele ukutani. Akasimama na dumu lake, mdomo wazi. "Kulikoni hapa?"

"Lugano," mzee akamuuliza, "kesho ikikosa silinda njiani, wewe utajua?"

Mume wangu akajikuna kichwa. "Sitajua, baba."

"Mwambie mkeo..." mzee akaanza, akaacha. Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani: "Agness."

Jina langu, mara ya kwanza kinywani mwake.

"Anayeendesha pikipiki anatazama mbele," akasema. "Mimi nitakaa nyuma. Nitashika keria."

Nililia, nisiseme uongo. Nililia juu ya ndizi zangu mpaka Lugano akaja kunishika bega.

Asubuhi nikavaa suruali, kitenge juu yake, na koti la mume wangu. Nikakaa kwenye kiti cha mzee huku macho nikiyaweka kwenye usukani. Nikasikia pikipiki ikibonyea nyuma. "Twende," akasema.

Tulienda polepole, mimi nikisikiliza kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kwenye mteremko mmoja mvua ilikuwa imechimba njia, gurudumu likaruka, na mkono wa mzee ukaniganda begani. Nikanyoosha shingo, sikugeuka. Nikadhani tukishavuka shimo atauondoa.

Mbele watu walianza kutoka majumbani kabla hatujaonekana, wanawake wanapiga vigelegele, mtu mmoja anaita, "Ni Asukile! Ni Asukile huyo!"

Mkono haukuondoka mpaka Masukulu.