Kioo cha Upande wa Mama

Kabla ya kiyoyozi, safari zetu za kliniki kutoka Ruiri hadi Meru mjini zilikuwa kama msafara wa mgombea kiti. Mama alikaa mbele, mkono nje ya dirisha, akimsalimia kila mwenye masikio: wachunga mbuzi, walimu, hata mlevi aliyelala mtaroni. Kwa Anti Cicily, rafiki yake tangu utotoni, aliyeuza maharagwe kando ya barabara, kusimama ilikuwa lazima. Walipiga soga dirishani mpaka Baba apige honi.

Kisha mapafu ya Mama yakazidi kuharibika. Daktari akasema vumbi na joto vitammaliza. Upande wetu, mvua ikikosa, hatuna kingine ila hivyo viwili. Baba alikuwa na Pijo iliyonizidi umri, iliyotoka kiwandani na feni ndogo tu ya kupuliza hewa moto miguuni. Akaipeleka kwa Abdimalik, fundi wa mjini.

"Mzee, hii gari haikuzaliwa na AC," Abdimalik alicheka. "Lakini tutaiwekea."

Alitoa kompresa ya AC kwenye gari lililogongwa, akachomelea chuma cha kuishikilia kando ya injini, akapitisha mipira chini ya dashibodi, akajaza gesi. Siku ya kulichukua gari alimwonya Baba mambo mawili. Vioo vikae juu, la sivyo atakuwa anapoza Ruiri nzima. Na asisimame ovyo njiani, kwa sababu rejeta ya kupoza injini ni ya zamani: gari likitembea linapata upepo, likisimama na kiyoyozi kinafanya kazi linachemka.

Mama alipumua. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ni haki ya Baba. Mara ya kwanza tulifika Meru bila yeye kukohoa, Baba akiendesha kama bwana harusi, nami kiti cha nyuma nimejifunika shuka.

Lakini kwa Anti Cicily tulipita bila kusimama. Mama alipunga mkono, ila jua lilikuwa linawaka kwenye kioo na aliye nje hakuona mtu. Wiki iliyofuata tukapita tena. Ruiri haina haja ya kuelezwa mambo. Ikajieleza yenyewe kwamba watu wa Gedion, baba yangu, siku hizi ni watu wa vioo. Wageni wakapungua. Anti Cicily, aliyekuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa, akakoma kabisa.

"Cicily ni mgonjwa?" Mama aliuliza kila Jumapili. Chai aliyowekewa rafiki yake nikainywa mimi, kwa hasira.

Nikamfuata Anti kibandani.

"Anti, Mama anakungoja."

"Ananingoja?" Alikuwa anapeta maharagwe, hakuinua macho. "Si mnapita hapa kila wiki? Nasimama na mkono juu kama mtu anaomba lifti! Mwambie ashushe kioo anisalimie. Hiyo siku nitakuja."

"Ni mapafu, Anti! Ni vumbi!"

"Vumbi ya Ruiri tumekula na yeye toka tukiwa watoto, Kananu."

Nilitaka kuyamwaga hayo maharagwe. Badala yake nikampelekea Mama ujumbe. Alicheka mpaka akakohoa.

"Cicily na kiburi yake! Baba Kananu, Alhamisi tukienda kliniki utasimama."

"Gari itachemka."

"Wacha ichemke."

Baba akakubali. Jumanne alfajiri Mama akakosa pumzi. Tulipokuwa tunamkimbiza hospitali, kibanda cha Anti kilikuwa kimefungwa. Mama alikigeukia, vidole vyake vikashika mpini wa kushushia kioo, lakini hakuwa na nguvu za kuuzungusha.

"Alhamisi," Baba akamwambia.

Mama alifia hospitalini kabla ya saa sita.

Tulirudi mchana, kiyoyozi kikipuliza bado. Hakuna aliyekumbuka kukizima. Kwa Anti Cicily Baba akasimama. Akanyoosha mkono juu ya kiti kitupu, akazungusha mpini mpaka kioo kikashuka chote.

Anti alituona. Akajifuta mikono, akaja taratibu, amekaza uso kama mtu aliyeshinda kesi asiyetaka ijulikane kuwa anafurahi. Alipokaribia, tabasamu likamtoroka, akamwita Mama kwa salamu ya Kimeru.

"Muga, Karimi! Kumbe unajua kushusha..."

Akainama dirishani. Palikuwa na leso ya Mama tu.

"Gedion, Karimi ako wapi?"

"Alisema nisimame," Baba akajibu. Sauti ikamkatikia hapo.

Anti Cicily aliushika mlango kwa mikono yote miwili. Hasira niliyomwekea tangu siku ile niliitafuta, sikuiona. Nilimwonea huruma. Hewa ya kiyoyozi ilikuwa inampiga usoni.

"Ni baridi hivi?" akauliza. "Hii ndiyo ilikuwa inamsaidia?"

"Ndiyo, Anti."

Akafungua mlango, akaketi palipokuwa pa Mama, akaipandisha leso machoni. Mvuke ulianza kutoka chini ya boneti, na Baba hakuzima gari.