Mwamba wa Mwenyekiti

Mimi Kalunde, Mama Mwende kwa wengi, sipendi kuulizwa swali mara mbili. Ukiniuliza jambo nakujibu papo hapo, na jibu likiwa si sahihi, hiyo tutaona mbele. Ndivyo nilivyochaguliwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, huku kwetu nyuma ya Kiboko. Watu walikuwa wamechoka na mwenyekiti wa kusema "tutaangalia." Mimi siangalii. Mimi najua.

Basi mwaka huu tukaamua kujenga bwawa la mchanga kwenye mto wetu, ambao ni mto siku chache tu kwa mwaka. Unajenga ukuta kukatiza mto, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unashika maji, na akina mama hawatembei tena kilomita sita na mtungi mgongoni. Lakini ukuta lazima ukae juu ya mwamba. Usipokaa, maji yatapita chini yaende zake, na wewe utabaki na ukuta wa kuanikia nguo.

Kuutafuta mwamba, unagongelea chuma kirefu mchangani, hatua mbili mbili, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kazi hiyo niliifanya na Rahab, rafiki yangu mwenye duka la nafaka barabarani. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kutoboa kichwa, na njaa inauma. Chuma kikagonga kitu kigumu mara ya kwanza tu. "Si unasikia?" nikamwambia Rahab. "Mwamba huo. Twende tukale." Kesho yake nikawatangazia watu arobaini kwamba mwamba upo, wachimbe.

Wakachimba wiki tatu. Alhamisi tukaufikia mwamba wangu, na kumbe ulikuwa jiwe. Jiwe moja, ukubwa wa ng'ombe aliyelala, na chini yake mchanga. Mutie, ambaye anakitaka kiti changu wala hafichi, akaingiza mkono chini ya jiwe mpaka kwapani, akanitazama.

"Mwenyekiti, mwamba wako una uvungu."

"Wenyewe uko chini kidogo," nikasema haraka. "Tuko karibu."

Watu wakaendelea kuchimba kwa sababu ni mimi niliyesema. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumaliza sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na mimi sijawahi kushindwa na muthokoi. Mvua ilikuwa imebakisha wiki tatu. Ikitukuta bila ukuta, akina mama wangeenda na mitungi yao mwaka mwingine mzima, yote kwa sababu ya njaa yangu ya saa saba.

Jumapili Rahab akapita baada ya kanisa. "Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba nilipima mara moja?"

"Ndiyo."

"Mutie atanila mzimamzima."

"Akikula tutakuzika vizuri," akasema, akijimiminia chai.

Jumatatu nikasimama ukingoni mwa mto. Nikawaambia yote: chuma mara moja, njaa, jiwe. "Na mwamba wenyewe sijui uko wapi," nikamalizia. "Sijui. Kiti nawaachia. Mutie, njoo uchukue."

Tayari nilikuwa natafuta njia niende zangu. Mutie hakusogea.

"Ala, Mama Mwende, unatuchimbisha shimo halafu unatoroka? Kiti sikitaki leo. Nitakitaka tukipata maji. Shika chuma."

Watu wakacheka, nami nikatamani lile shimo linifunike. Lakini nikashika chuma. Tukapima ukingo mpaka ukingo, hatua mbili mbili, kila mtu akibishana apendavyo na mimi nimenyamaza, jambo lililoniuma kuliko jua. Upande wa chini wa mto hatukupata kitu. Tulipopanda juu kama hatua themanini, chuma kikagonga kila mahali: upande huu kina cha magoti, upande ule kina cha mtu mzima.

Ndipo Mama Kiema akauliza. Huyu ni mama wa kufika saa nne na kuondoka saa sita. "Mwenyekiti, tutamaliza kabla ya mvua?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari: tutamaliza, tena mapema. Nikalimeza.

"Sijui. Nikihesabu siku, naona huenda ndiyo, huenda hapana. Mvua ikiwahi itafukia shimo jipya, na tutakuwa tumefanya kazi ya bure mara ya pili."

Nikangoja wakusanye makarai yao waende nyumbani. Mama Kiema akakasirika, akakasirika kweli.

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Wewe kila siku tuko karibu, tuko karibu. Mtu akiwa karibu anakimbilia nini? Kwangu kuna wanaume watatu wenye nguvu zao wamelala."

Akatoa simu, akapiga. Mutie naye akatoa yake. Haikuchukua muda, mto mzima ulikuwa umeweka simu masikioni, wakiita ndugu na mashemeji mpaka wa Makindu. Nami nikasimama katikati na chuma changu, machozi yananilenga, nikisikiliza watu arobaini wakisema kwa sauti kubwa maneno niliyokuwa nimeyaogopa tangu Alhamisi: huenda tusimalize, njooni.