Ngazi ya Kumpandisha Mama Ndaya

Nyumba ya Yolande na mumewe Gracien, kule Dilala, ilikuwa ndogo, na uwanja wake mdogo zaidi. Kule mtaa wa Kasulo watu walichimba chini ya vyumba vyao kutafuta kobalti. Gracien, fundi wa malori, yeye alitafuta nafasi juu. Akamjengea mama mkwe wake chumba cha ghorofani, kwa sababu nyumba ya Mama Ndaya kule Musonoi ilikuwa imeanza kupasuka kuta. Chumba kikaisha, kikapakwa rangi, kikatiwa dirisha kubwa. Ndipo wakakumbuka kwamba hakuna pa kupandia.

"Ngazi ya kuzunguka," Gracien akasema. "Itakaa kwenye kona, karibu na mlango wa jikoni. Mita moja na robo toka huku mpaka huku, inatosha."

"Inamutosha nani?" Yolande akauliza.

Gracien akakohoa, akaangalia dari. Mkwe hasemi juu ya unene wa mkwe wake. Na Mama Ndaya alikuwa mnene kweli, mnene wa kujivunia, wa kuingia mlangoni kwa ubavu huku akicheka.

Ntambwe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amesema hatakata bomba hata moja kabla ya kupewa vipimo. Basi Yolande, aliyekuwa mshonaji, akaichukua kazi hiyo kama sketi ya duara. Akakata vidato vya ngazi kwa karatasi ya kaki, vyembamba upande wa nguzo ya kati, vipana upande wa nje, akavitandaza sakafuni kuizunguka chupa aliyoisimamisha katikati. Vikapendeza kama ua. Akiwa bado amepiga magoti, mama yake akaingia.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo, mama," Yolande akajibu haraka. "Ya mukiliya mumoja, alileta kitambaa."

"Mukiliya gani? Tembo?"

Gracien akapotelea jikoni. Mama Ndaya akaizunguka ile karatasi, akatazama tundu lililoachwa darini, akatazama tena chini. Akashika kiuno.

"Munanipima na mimi siko?"

"Mama, hatukutaka…"

"Nyamaza tu." Akavua viatu, akakanyaga kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. "Ona. Kisigino kiko inje. Mi nitalala juu ao nitalala hewani?"

Na hapo akaanza kucheka, cheko la kutikisa vyombo. Gracien akarudi kama aliyeitwa.

"Sasa mupime vizuri," Mama Ndaya akaamuru. "Na beseni yangu kichwani. Sipandi mikono mitupu, mi."

Wakaanza upya. Yolande akapanua duara kwa kamba na chaki mpaka nyayo za mama zikakaa sawasawa pale mtu anapokanyaga hasa, si kwenye ncha ya nje. Lakini duara likaumeza mlango wa jikoni. Gracien akapanda kwenye kiti akiwa na kipimo mkononi, akaona pia kwamba beseni lingegonga ukingo wa tundu. Wakageuza ngazi ianzie upande wa sebule, izungukie kushoto, na tundu likapanuliwa. Kabati la vyombo, ambalo Gracien alilipenda kama gari, likakosa mahali.

"Litakaa kwenye chumba chetu," akasema, uso umemshuka.

"Asante, mwana yangu," Mama Ndaya akamwambia kwa upole, na uso ukapanda tena.

Ntambwe akapewa vipimo, akachomelea, kisha akaileta ngazi kwenye mkokoteni, majirani wakisukuma. Ilipokwisha kufungwa, Mama Ndaya alipanda taratibu, mkono kwenye bomba, bila kusimama. Wakasikia dirisha likifunguliwa, kisha sauti yake ikiwasalimu wanawake wa barabara nzima, mmoja mmoja.

Bukari, ule ugali wao, ikapoa mezani. Yolande akamwita mama yake mara mbili ashuke kula.

"Mulete huku!" likaja jibu. "Kuko upepo muzuri!"

Yolande akachukua sahani mbili, yake na ya mama, akapanda wakale pamoja.